Uso wa Pudensiana Kwenye Tovuti ya Shemeji

Picha ilipigwa shambani, Pudensiana akiwa na gauni la kulimia lililochanika kwapani, tope hadi magotini. Alimwomba shemeji yake Melkizedeki angoje kwanza akabadilishe nguo.

"Hivi hivi inapendeza, shemeji," Melkizedeki akasema, akabonyeza. Picha yenyewe hakuileta.

Kwa mtu huyo Pudensiana hakutegemea zaidi. Ndiye aliyeondoka na ng'ombe wa marehemu kaka yake kabla wageni wa matanga hawajamaliza kuaga. Pudensiana akabaki mjane na watoto watatu, mkubwa wao Anande, na kihamba cha migomba, hajui hata kuandika jina lake, maana baba yake aliona shule ni mambo ya wavulana. Akaingia soko la Maji ya Chai na ndizi mshare na nyanya, na kwa meza hiyo akawalea wote watatu. Hakuwahi kubisha hodi kwa mtu kuomba unga. Hiyo ndiyo heshima aliyokuwa nayo, na hakuwa na nyingine.

Mwaka 2006, Sabina wa meza ya jirani akaanza vijembe.

"Mama Anande, na sisi utuonjeshe basi."

"Niwaonjeshe nini?"

"Misaada ya wazungu! Binti wa dada yangu amekuona kwenye kompyuta huko mjini, unalia njaa mpaka unatia huruma. Kumbe mwenzetu siku hizi unaomba kwa mitambo!"

Soko likacheka. Jumapili ile wanawake wa jumuiya ya kanisani, waliokwisha kumwahidi uenyekiti, wakamchagua mwingine. Hakuna aliyemwambia kwa nini, wala hakuna aliyemtazama usoni.

Kesho yake akaenda Kimandolu kwa Irine, mama wa makamo aliyekuwa taipisti wa shirika la umma mpaka shirika likauzwa na yeye akapunguzwa kazi. Kwa kiinua mgongo chake alinunua kompyuta nne akafungua duka la intaneti. Irine akatafuta, akapata, akasoma kwa sauti ya chini.

"Inasema wewe ni mgonjwa, na watoto wako wanalala njaa. Inasema, 'Bonyeza matangazo haya kila siku, mama huyu apate kula.' Mwenye tovuti ni Melkizedeki."

"Kubonyeza tangazo kunanipaje chakula?"

"Hakukupi wewe. Kuna kampuni ya ng'ambo inampa matangazo ya watu aweke hapo. Kila anayebonyeza, yeye analipwa. Lakini kampuni ina masharti yake, na hapa kuna mahali pa kumshtaki anayeyavunja."

"Basi andika."

Pudensiana akasema na Irine akapiga, akiyageuza maneno yake kuwa Kiingereza cha ofisini. Alianza kwa salamu, akataja ukoo wa baba yake na ukoo wa mumewe, akaeleza msiba ulivyokuwa, akaeleza ng'ombe na rangi yake. Wakatuma. Wiki tatu zikapita, na uso wake ulikuwa bado pale pale na matangazo yake.

Irine akafungua nakala, akashika kichwa. "Mama Anande, kisanduku chao cha kuandikia kinachukua maneno machache. Kimeishia kwenye ng'ombe."

"Na uongo wa picha?"

"Haukuingia."

"Si ungeniambia, dada!"

"Miaka kumi na saba nimepiga ninachoambiwa na wakubwa. Mazoea."

Wakacheka, ingawa Pudensiana alicheka huku machozi yanamtoka. Akasema, "Nionyeshe tena huyo mwanamke wa tope." Irine akasogeza kipanya, akabonyeza juu ya picha. Likafunguka duka la viatu.

"Rudi. Niguse tena usoni."

Safari hii kikatoka kitu cha bima.

"Mbona ukinigusa mimi kinatoka cha kuuzwa?"

Irine akavaa miwani. Siku zote alikuwa akisoma maneno, hakuwa ameshughulika na picha. Melkizedeki alikuwa ametandaza tangazo lisiloonekana juu ya picha, kila aliyeugusa ule uso kwa huruma akawa ameligusa tangazo bila kujua.

"Hii naijua," Pudensiana akasema. "Ni kama sado, ile ndoo ya kupimia nyanya. Nzuri unaipanga juu, chini unafukia mbovu. Mimi ndiye nyanya ya juu."

Irine akasoma masharti ya kampuni mstari kwa mstari. Ilikatazwa kuwaomba watu wabonyeze matangazo. Ilikatazwa kuyaficha yasijulikane kuwa ni matangazo. "Yote mawili ameyavunja!"

"Andika. Leo usimsalimie mtu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Na ng'ombe mwache."

Ikawa mistari mitatu: tovuti iliko, masharti mawili yaliyovunjwa, na ombi kwamba waubonyeze uso wa mama huyo wajionee.

Siku tisa baadaye Melkizedeki akatokea sokoni, shati limemgandia mgongoni kwa jasho.

"Shemeji, kuna mtu amenichongea. Kampuni imeondoa matangazo yangu yote. Twende useme msaada ulikuwa unakufikia, pengine watanifungulia."

Pudensiana akapandisha sauti. "Msaada gani ulinifikia, Melkizedeki? Utaje, hawa wasikie."

"Tuongee pembeni."

"Pembeni hapana. Ulinipa nini? Hata sukari ya chai?"

Melkizedeki akatazama viatu vyake. Sabina akaacha kupanga vitunguu.

"Aliyekushtaki ni mimi."

"Wewe? Hata A huijui!"

"Siijui. Na nimekufunga bila hiyo A. Sasa tunakwenda kwa Irine, utoe uso wangu mbele ya macho yangu. Ukikataa, kila tovuti utakayofungua nitaikagua, na wizi nautambua bila kusoma."

Sabina akapasua kicheko, na safari hii soko zima lilimcheka shemeji. Pudensiana akafunga kanga kiunoni, akamtanguliza Melkizedeki barabarani kama anayempeleka mtoto kuchanjwa.

Kimandolu alikaa bega kwa bega naye mpaka uso ukafutika. Akamtaka Irine atazame tena kwenye kompyuta nyingine, na nyingine, zote nne. Haukuwepo.

Aliporudi, wanawake wawili wa jumuiya walikuwa wamesimama mezani pake, wameshikana mikono kwa aibu.

"Mama Anande, tulikuwa tunakungoja."

"Mmefanya vizuri," Pudensiana akasema, akazunguka upande wake wa meza. "Mnataka nyanya, au mmekuja kuomba radhi?"

"Vyote, mama."

"Anzeni na radhi. Nyanya hazikimbii."