Aliyefunga Geti

Fundi rangi wa gereji moja ya magari walimwita Kimya. Miaka kumi na mmoja alipulizia magari rangi, barakoa usoni, na hata akiivua hakuwa na mengi ya kusema. Mkewe alizoea kumtania: "Wewe hata ukiungua, utaomba radhi kwanza ndipo upige kelele."

Ilikuwa saa tisa alasiri mafundi watatu walipomkamata mtu akitoka stoo na betri ya gari. Mmoja akapaza sauti: "Kimya, funga geti!" Akafunga. Akatia kufuli, ufunguo akabaki nao mkononi. Tunamshikilia mpaka polisi waje, alijiambia. Mara akasikia spana za magurudumu zikitua mwilini. Yule mtu akawaponyoka, akaja mbio getini, damu ikimchuruzika. "Kaka, nifungulie. Nifungulie tu, sirudi tena." Kimya akatazama chini. Wakamvuta kwa miguu. Hata saa kumi haikufika, alikuwa ameshakata roho.

Kizimbani Kimya alikaa wa nne, mwisho wa benchi. Wakili wake alimtuliza: "Wewe hukumgusa." Akalala na neno hilo, akaamka nalo, miezi yote ya mahabusu.

Kisha akaitwa mama muuza chai, ambaye kibanda chake kinatazamana na gereji. Hakuthubutu kumwangalia Kimya.

"Gereji hufungwa saa ngapi?" akauliza mwendesha mashtaka.

"Saa kumi na mbili."

"Na siku hiyo?"

"Saa tisa."

"Ulimwambia lolote mshtakiwa wa nne?"

"Nilishika nondo za geti, nikamwambia, 'Mwanangu, fungua, watamuua huyo.'"

"Akajibu nini?"

"Akasema, 'Mama, rudi kibandani.'"

Wakili akaacha kuandika. Kimya alihisi benchi zima, pamoja na wale watatu walioliketia, likimwelemea.

"Nia ya pamoja haihitaji kikao," jaji alisema siku ya hukumu. "Watatu walipiga. Wa nne aliambiwa mtu anauawa, akaendelea kumzibia njia. Wote wana hatia ya mauaji."

Kifungo cha maisha.

Mkewe alikuja Jumapili iliyofuata, wakazungumza kupitia wavu wa chuma.

"Wakili anakata rufaa," akasema. "Anataka kueleza kwamba uliwaogopa wale wenzako. Si uliwaogopa, baba watoto?"

Kimya akakuna shingo. "Wale? Nimekula nao sahani moja miaka yote. Niliogopa wasije wakaona niko upande wa mwizi."

Mkewe akatazama huku na huku, akasogeza mdomo karibu na wavu. "Hilo usimwambie wakili."

"Nimeshamwambia."

Rufaa ilisikilizwa mwaka wa pili, asubuhi moja tu, ikatupwa.