Siku Jaji Alipokunywa Chai Kwetu

Mimi ndiye niliyemsomea mama Katiba. Alikuwa jikoni akichambua mboga, nami nikamsomea kile kifungu kinachompa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Aliuliza kama kila mtu ni pamoja na sisi wa huku chini. Nikamjibu ndiyo, kwa kiburi cha mtu aliyesoma.

Huku chini ni bonde nje ya Kapkatet, lenye mashamba ya majani chai pande zote na kijito katikati. Kiwanda kilipojengwa upande wa juu, kijito kikaanza kushuka na povu la kahawia lenye harufu ya kitu kilichochacha. Ng'ombe waliyanusa yale maji wakageuka. Sisi hatukuwa na pa kugeukia, tukachota. Mama akaanza kuumwa na tumbo, mikono ikamtoka vipele. Ndipo majirani wakakubali tushtaki, jina lake likiwa la kwanza kwenye karatasi.

Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Gharama ya kupima maji kwenye maabara ilitushinda, kwa hiyo jaji aliposema angekuja kujionea mwenyewe, macho yake ndiyo yaliyokuwa tegemeo letu lote. Nilifurahi, mjinga mimi!

Kwetu mgeni akitangaza kuja, ua hufagiliwa hadi barabarani. Siku moja kabla, wanawake wa bonde waliteremka mtoni na mapanga, karai na majembe. Walifyeka nyasi zilizokauka, wakazoa matope meusi, wakateka povu na kwenda kulimwaga mbali. Niliwaambia waache, ule uchafu ndio ushahidi wetu. Mama alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Mtu mkubwa hivyo anakuja, halafu akute tunakaa kwa uchafu? Atasema sisi ni watu gani?"

Nilipaswa kusimama imara. Badala yake niliona aibu ile ile aliyoiona yeye, nikashika jembe nikasaidia.

Jaji alikuja na mawakili. Kiwanda nacho kilikuwa kimefunga mabomba yake ya maji taka tangu juzi, na maji yalipita yakimeta. Mama akawaketisha uani, akawapa chai ya maziwa iliyopikwa kwa debe moja la maji ya mvua niliyoomba kwa jirani. Wakili wa kiwanda alimaliza kikombe, akaongezwa kingine. Kisha akasimama, akaomba iandikwe kwamba wote wamekunywa chai nyumbani kwa mlalamishi na hakuna aliyedhurika.

"Hayo ni maji ya mvua!" nikapaza sauti.

Wakili akaniuliza, kwa upole kabisa, ni nani aliyefagia mto.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Wetu alikuja, na hatukupona. Siku ya hukumu jaji alisema haki hiyo tunayo, ila hatukuonyesha imevunjwa wapi. Nikamtafsiria mama kwa Kipsigis, lugha yetu, polepole, nikitamani ardhi inimeze. Akanyanyuka, tukatoka nje.

"Kumbe walikuja kuangalia maji," akasema. "Mimi nilidhani wametutembelea."

Jioni alichukua ndoo akateremka mtoni. Sikumzuia, maana sikuwa na maji mengine ya kumpa.