Mkoa wa Mwisho na Fungu la Mgeni

Pale ofisi ya mitihani ya taifa walimwita Mama Wastani, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kuipanga mikoa kumi na minane, kuanzia ulioongoza hadi ulioburuta mkia, kila mwaka watoto wa darasa la saba wakishamaliza mtihani wao. Utasema kazi ya kukaa kitini. Thubutu. Matokeo yakisomwa redioni nchi nzima ilijua nani wa kucheka na nani wa kuinamisha kichwa, na wa kulaumiwa alikuwa yeye, kana kwamba ndiye aliyewafundisha hao watoto.

Afadhali lawama za nchi. Balaa lenyewe lilikuwa nyumbani. Mama Wastani alizaliwa mkoa wa milimani, ambao tangu mtihani uanzishwe ulikuwa wa kumi na saba. Mumewe alitoka mkoa wa bondeni, wa kumi na nane, baada yake hakuna tena ila mpaka wa nchi. Basi kila matokeo yalipotoka, mama yake mzazi alipiga simu kutoka milimani, asiulize hata hali ya wajukuu, akasema, "Hebu nipe mkwe mwenzangu nimpe pole."

Huyo mkwe mwenzake, mama wa mume, aliishi humo humo nyumbani kwa Mama Wastani. Bibi mfupi, mkavu, asiye na haraka na mtu. Alishika simu, akaisikiliza pole mpaka ikaisha, kisha akajibu yale yale ya kila mwaka: "Ahsante, mama. Wa kumi na saba na wa kumi na nane wote wamelala nje, mvua inawanyeshea wote." Akarudisha simu, akaendelea kuchambua mchele.

Mama Wastani alielewana na mkwewe kwa mengi, isipokuwa sahani. Chakula kilipoiva, kabla mtu hajaonja, bibi alipakua sahani moja, akaifunika, akaiweka mwisho wa meza. Ya mgeni. Mgeni gani? Yeyote. Miaka yote hiyo mgeni mwenyewe hakuwahi kutokea saa ya kula, na bei za vitu sokoni ndizo hizo mnazozijua. Sahani iliishia kwa mume, ambaye kitambi chake chote, ukiniuliza mimi, kilikuwa cha mgeni.

"Mama, asiyekuwepo na lake halipo," Mama Wastani alimwambia mara nyingi.

"Hiyo ni ya kwenu milimani," bibi alijibu. "Kwetu asiyekuwepo ndiye anayewekewa. Aliyepo si anajipakulia?"

Sasa mwaka huo, kwenye hisabati, mashine ya kusahihishia ikatoa onyo. Swali la kumi na mbili lilikuwa la kitoto kabisa: mama ana machungwa kumi na mawili na watoto wanne, akiyagawa sawasawa, kila mtu atapata mangapi? Mikoa kumi na saba ilijibu matatu. Mkoa wa bondeni, karibu watoto wote, wa shule za mjini na za porini, walijibu mawili.

Mkuu wa ofisi, waliyemwita Bwana Nukta kwa sababu hata umri wake aliutaja kwa nukta, akasugua viganja. "Kwenye jibu sahihi watu wanaweza kufanana," alisema. "Kwenye kosa hawafanani hivi hivi. Hapa kuna mtu kauza majibu, tena kauza mabovu. Ijumaa tunafuta matokeo ya mkoa mzima."

Mtoto wa wifi yake Mama Wastani alifanya mtihani huo huko bondeni. Binti wa watu alishafunga sanduku, akingoja matokeo tu aje kukaa kwa Mama Wastani aanze sekondari. Yakifutwa, atarudia darasa yeye na mkoa mzima, na jina la wizi juu yao. Na mtoto yule hata peremende alikuwa haibi.

Jioni hiyo mezani Mama Wastani hakula, alichezea tu kijiko. Mwishowe akasema, "Mama, hebu nikuulize. Mwanamke ana machungwa kumi na mawili, ana watoto wanne. Akigawa sawasawa, kila mtu mangapi?"

"Mawili," bibi akasema, wala hakuacha kutafuna.

"Ni matatu, mama. Kumi na mawili kwa wanne."

"Watoto wanne, sawa. Na mama yao, yeye ni kigingi? Na la mgeni je?" Akaielekezea kidevu sahani iliyofunikwa. "Hao ni sita. Mawili mawili. Mnachofundisha nyinyi ni hesabu au ni uchoyo?"

Mama Wastani akaitazama sahani ile aliyoinung'unikia tangu aolewe, akakiweka kijiko chini.

Kesho yake Bwana Nukta alimsikiliza, akatikisa kichwa. "Siwezi kuandika kwenye ripoti kwamba mkoa mzima una mkono wazi. Niletee ushahidi."

Ushahidi ukaja Alhamisi, umejitanda khanga, umebeba kikapu cha machungwa kumi na mawili. Bibi hakuambiwa sababu. Aliambiwa tu kwamba ofisi inamhitaji, naye hakuona ajabu. Makarani wanne waliketi kwenye viti vyao. Bwana Nukta alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Bibi, wagawie hawa. Sawasawa tafadhali."

Bibi akampa kila karani mawili. Kisha akamwendea Bwana Nukta, akamtia mawili mkononi.

"Mimi simo," Bwana Nukta akasema.

"Umeita watu, wao wamekaa, wewe umesimama. Hapa wewe ndiye mama yao."

Makarani wakatafuta pa kutazama. Mawili yaliyobaki bibi akayaweka pembeni mwa meza.

"Na hayo?"

"Ya atakayekuja."

Bwana Nukta akamenya moja, akala. Akamenya la pili, akala. Akayatupia jicho yale ya pembeni, na bibi akayasogeza mbali kidogo. Mzee wa watu akafuta mikono. "Swali la kumi na mbili limefutwa," akasema, "kwa mikoa yote. Mama Wastani, piga hesabu upya."

Akapiga. Swali lilipoondoka, mkoa wa bondeni ukapanda. Haukupanda sana, lakini ulipanda vya kutosha kuupita mmoja. Akarudia hesabu, jibu likawa lile lile: bondeni wa kumi na saba, milimani wa kumi na nane. Kwao. Akawa kama anamwona mama yake ndani ya kioo cha kompyuta, miwani puani. Mwanamke mzima, ana vyeti, ana watoto, aliogopa kama aliyevunja chungu. Akalikumbuka sanduku la yule binti. Akabonyeza, matokeo yakaenda.

Matokeo yakatangazwa Jumamosi. Bibi alichambua mchele karibu na simu kutwa nzima, mchele uliokwisha kuchambuliwa. Simu haikulia.

Jumapili mchana, chakula ndiyo kwanza kiko mezani, wakasikia hodi. Ni mama mzazi wa Mama Wastani, na begi, na uso ambao si wa kusalimia. Alikuwa njiani tangu alfajiri. Alipoingia akaanza kabla hajavua viatu. "Nimekuzaa, nimekusomesha, umekuja kunipa mkia mbele ya nchi nzima. Kwa mkono wako mwenyewe."

Meza nzima ikamgeukia bibi. Pole alizopewa bibi huyu miaka yote zingejaza gunia, na leo ilikuwa zamu yake.

Bibi akainuka taratibu. Akamvutia mgeni kiti. Akaivuta sahani iliyofunikwa kutoka mwisho wa meza, akaiweka mbele yake, akaifunua. Mvuke ukatoka. "Karibu, mama. Chako hiki."

Mama wa milimani akaitazama sahani, akamtazama bibi, akautafuta mtego asiuone. Njaa ya safari haina ubishi. Katikati alisema chumvi imezidi, lakini hakubakisha hata punje, na mume wa watu alisindikiza kila tonge kwa macho.

"Nani aliwaambia nakuja?" akauliza mwishowe, sauti imeshuka.

"Hakuna aliyetuambia," bibi akasema.

Mama Wastani akainuka, akaenda jikoni, akachukua sahani safi, akapakua kilichobaki sufuriani, akaifunika, akaiweka mwisho wa meza.