Nilimtungia binti yangu asilimia 78 kwenye shule isiyotoa asilimia

Wakuu, salaam kutoka Kisangani.

Mimi humu ni msomaji wa kimyakimya. Nacheka na nyuzi zenu miaka yote bila kuchangia hata neno. Leo naweka ya kwangu, na chumvi sijaongeza. Ningetaka kuongeza ningeiongeza pale inaponipendezesha, na mtaona hakuna mahali kama hapo.

Kiswahili changu mtakivumilia. Huku kwetu kinakaa chumba kimoja na Kifaransa na Lingala.

Twende.

Mimi ni fundi cherehani, mtaa wa Mangobo. Binti yangu Zaina ana miaka kumi na miwili. Mwaka jana alifaulu interview ya shule moja ya kimataifa hapa mjini, akapata nafasi. Nyumba nzima ilifurahi isipokuwa mtu mmoja.

Mtu huyo ni Tonton Asani, kaka mkubwa wa mke wangu. Amefundisha shule ya msingi ya mtaani kwetu miaka thelathini, na Zaina alikuwa mwanafunzi wake. Kuondoka kwa Zaina kulimuuma, na hakuficha.

"Bokilo," akaniambia, ndiyo shemeji kwetu, "peleka mutoto. Lakini mwisho ya mwaka nitakuja kwa proclamation. Kama iko chini ya soixante-dix, anarudi kwangu. Tunaelewana?"

Nikasema tunaelewana, sabini kwa mia. Nilisema mbele ya mke wangu na mbele ya wazee wawili, na kwetu neno kama hilo halirudi mdomoni.

Kwa wasiojua, proclamation ni siku ya kusoma matokeo hadharani. Mwalimu anaita jina, anataja asilimia, ndugu wanamrukia mtoto na kummwagia poda kichwani mpaka nyusi zinakuwa nyeupe. Mzazi ambaye hajui asilimia ya mwanaye huku anaonekana hana akili timamu.

Basi masomo yakaanza.

Jumatatu bustani. Jumanne kuogelea. Alhamisi theatre. Nikimuuliza hesabu mmefanya lini, ananijibu hesabu tumefanyia bustanini, tulikuwa tunapima matuta.

Nikamwambia mke wangu, "Mchicha si angepalilia hapahapa nyumbani?" Akanijibu kwamba hapa nyumbani hajawahi kuniona nikimfundisha mtu kupima tuta. Nikarudi kwenye cherehani, maana ni kweli.

Kabla ya Noeli ikaja report. Kurasa nne, na namba hakuna hata moja.

"Anauliza maswali mazuri." "Anajifunza kusikiliza wenzake." "Bado anahitaji msaada kupanga kazi yake." Nikaigeuza nyuma. Nikaishika kwenye mwanga wa dirisha, labda wameandika kwa penseli. Hamna kitu.

Nikiwa bado nimeishika, mteja mmoja akaingia kuchukua gauni lake.

"Papa Zaina, mutoto alipata ngapi?"

Wakuu, sijui mdomo wangu ulitoa wapi: "Soixante-dix-huit." Sabini na nane, hiyo.

Zaina alikuwa palepale anashona vifungo. Akainua kichwa, akaniangalia, akarudi kwenye vifungo vyake. Na mimi sikumweleza, jambo ambalo mpaka leo najilaumu kwalo.

Jioni ile ile habari ikawa imeshafika kwa Tonton, naye akatuma salamu kwamba si mbaya. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na miezi sita, na kila nikikutana na huyo mzee nilikuwa natembea juu ya mayai.

Nilipata stress ya kweli. Zaina alikuwa anaipenda ile shule. Alikuwa anaamka kabla yetu. Na mimi ndiye nimemwekea mtego.

Mwezi wa sita shule ikaita wazazi kwa kitu wanachoita exposition, maonyesho. Nilitaka kumdanganya Tonton kwamba siku imeahirishwa, ila mke wangu alishamwambia. Akaja na suti yake ya sherehe na majirani wawili, kila mama na kopo lake la poda.

Tukafika. Hakuna jukwaa wala orodha ya majina. Meza tu, kila mtoto amesimama nyuma ya kazi yake.

"Palmarès iko wapi?" Tonton akauliza. Nikamwambia orodha ya matokeo bado kidogo.

Meza ya Zaina ilikuwa na chupa ya plastiki iliyokatwa, daftari, na karatasi kubwa yenye ramani. Nikaitambua, ni avenue yetu, barabara tunayoishi.

Mwaka mzima, kila asubuhi, alikuwa anapima mvua kwa ile chupa. Mimi nilidhani anacheza. Kisha alipita nyumba kwa nyumba kuuliza maji ya mvua yanaingia kwa nani. Nyumba zinazoingiwa na maji alizipaka nyekundu, nyingine buluu. Mitaro iliyoziba aliichora kwa mstari mweusi. Ramani hiyo aliwapelekea vijana wa avenue, na mtaro mmoja ukazibuliwa. Nakumbuka siku walipozibua, nilipita nikawapongeza bila kujua ni kazi ya nani.

Tonton akavaa miwani. Huyo mzee akivaa miwani, mtoto wa mtu analia.

Akamuuliza kwa nini anapima asubuhi na si jioni. Zaina akajibu. Akamuuliza kama chupa ikianguka inakuwaje. Zaina akasema ilianguka mara mbili, na siku hizo ameacha wazi daftarini. Mzee akashuka kwenye ramani na kidole mpaka kwake.

"Hapa umekosea. Kwangu umeweka bleu. Kwangu maji inaingia."

"Niliuliza Tantine," yaani mke wa Tonton, "alisema haiingii."

"Inaingia nyuma, kwa chumba yangu. Yeye halali kule."

Nikasubiri machozi. Zaina akachukua penseli nyekundu, akapaka nyumba ya mjomba wake palepale, akasema, "Merci, Tonton. Ile sikujua. Nilipaswa kuuliza watu wawili kwa nyumba moja."

Tonton akavua miwani. Akasema polepole kwamba miaka thelathini amewasahihisha watoto, na hajawahi kushukuriwa na hata mmoja.

Nikaanza kupumua. Ndipo akamgeukia mwalimu wa Zaina, aliyesimama pembeni.

"Bon, Madame. Na pourcentage yake?"

"Hapa hatutoi pourcentage, papa. Hatujatoa hata siku moja."

Wote wakanigeukia, pamoja na makopo yao.

"Na ile soixante-dix-huit?" Tonton akauliza.

Nikasema, "Niliongopa. Mutoto hana kosa. Ni mimi."

Mama mmoja akatikisa kopo lake. "Sasa tumwage ao tusimwage?"

Tonton akaniangalia kutoka viatu mpaka kichwa, akasema, "Mwaga. Zaina atabaki hapa. Bokilo ndiye atakuja kwangu, aanze première primaire, darasa ya kwanza."

Wakacheka mpaka watu wa meza za jirani wakageuka. Mimi pia nikacheka, ingawa masikio yalikuwa yanawaka.

Wengine wakapanda pikipiki kurudi Mangobo. Mimi na Zaina tukatembea, yeye mweupe kichwa kizima. Nilidhani mambo yameisha.

Njiani akaniuliza, "Papa, ile siku ulisema vile juu ulikuwa unaona haya na mimi?"

Wakuu, swali la Tonton halikuniuma hata robo ya hilo. Mtoto alibeba hilo swali miezi sita huku akinishonea vifungo.

Nikamwambia ukweli. Kwamba niliona haya na mimi mwenyewe, kwa sababu nilisoma zile kurasa zote, sikuelewa zinasema nini juu ya mwanangu, na ukubwa ukanizuia kumuuliza.

Akafikiri, akasema, "Lakini mimi nilikuwa palepale."

Nikamshika mkono, na akaniacha nimshike, na umri wake huo.

Somo nililopata ndilo hilo, sina jingine la kitaalamu. Nilikuwa nauliza amepata ngapi, na mtu wa kuniambia amejifunza nini alikuwa amekaa hatua mbili kutoka cherehani yangu.

Wazazi wenzangu, nyie mnaongeaje na watoto wenu kuhusu shule? Na waliosoma shule za aina hii watueleze zinawatoaje mbele ya safari. Wanaotaka kunicheka wasione aibu, nyumbani wameshaanza.