Mtoto Hatupwi

"Mama Emérita, kama dunia yenyewe inatembeaka, bile vitovu vyote ulizikisha uliviacha fasi gani?"

Swali hilo lilitoka kinywani mwa jirani yake, Mama Dancille, Jumapili moja baada ya misa, wanawake wakiwa wamejibanza chini ya paa la kanisa wakingoja mvua ipite. Wenzake walicheka hadi wakashikana mabega. Emérita hakucheka. Alikwenda nalo nyumbani, akalala nalo, na leo, mwaka huu wa 1968, bado linamfuata kazini.

Saa kumi na mbili asubuhi. Ukungu umekalia vilima juu ya Sake, na ng'ombe wanaotoka upande wa Kirolirwe wanasikika kabla ya kuonekana. Nyuma ya materinite, nyumba ya kuzalishia, Emérita amepiga goti mbele ya mafiga matatu anapuliza moto. Maji yakichemka atafua vitambaa, ataosha watoto, kisha atawapa wazazi uji. Ndani mtoto analia. Hageuki.

"Ule anadanganya," anasema. "Kilio ya njaa haiko vile. Anataka tu bantu bamuangalie."

Ameifanya kazi hii tangu enzi za Wabelgiji. Masomo yake yaliishia darasa la nne la msingi. Ukunga alijifunza kwa mama mkwe wake. Mumewe alifariki wakati wa vurugu zilizofuata uhuru, na mshahara anaopata unatosha chumvi, sabuni, na kitenge kimoja Noeli ikifika. Katika vilima hivi ni vigumu kupita njia moja bila kukutana na mtu aliyeoshwa kwa mara ya kwanza na mikono yake.

Lakini kazi anayoithamini kupita zote ni ndogo, na haimo katika kazi anazolipwa.

Kitovu cha mtoto kikikauka na kuanguka, Emérita hukikunja ndani ya jani kavu la mgomba na kukifunga kwa kamba: fundo moja kwa mvulana, mawili kwa msichana. Baba hukipeleka nyumbani na kukifukia penye shina la mgomba karibu na ua. Tangu siku hiyo mgomba ule ni wa mtoto, na mtoto ni wa pale. Akikua akaulizwa kwao ni wapi, huonyesha mgomba.

Mwaka jana jambo hilo nusura limwage damu. Baba wawili, Edmond, mlimaji wa maharage, na Ndayambaje, mchungaji wa Kirolirwe, walitoka materinite siku moja, kila mmoja na kifurushi chake. Wakapitia sokoni Sake kupumzika. Kasiksi, pombe ya ndizi, ilikuwa tamu, na waliposimama kila mmoja alichukua kifurushi cha mwenzake. Mke wa Ndayambaje alikuja kuona kamba imebaki juu ya udongo, ina mafundo mawili. Yeye alikuwa amezaa mvulana.

Kitovu kikishafukiwa hakifukuliwi. Basi kila mmoja akadai mgomba ulio katika ua wa mwenzake, na siku ya tatu wote wawili walikuwa hapa materinite wanapigiana kelele, mmoja ana panga mkononi.

Emérita alitoka na ndoo ya maji machafu, akasimama katikati yao.

"Mulikunywa pamoja," aliwaambia. "Sasa mutakula pamoja. Mukungu ya kwanza ya kila mugomba, nyumba mbili zitaikula. Na ule wa panga aende akate nayo majani ya ng'ombe, ao nimumwangie hii ndoo."

Walikwenda. Mikungu bado haijakomaa, lakini wake zao tayari wanaazimana chumvi.

Aliyebaki na hofu ni Symphorien, mganga msaidizi anayesimamia materinite. Kila mtu humwita Dokta, ingawa bado hajawa daktari. Ni kijana safi, mpole kwa wagonjwa, na hasahau dawa ya mtu. Baada ya ugomvi ule alitoa amri: vitovu vyote viende shimoni pamoja na takataka nyingine. Watu waliponung'unika aliwakusanya Jumapili, akawaeleza mambo aliyoyasoma katika magazeti ya Kifaransa. Hapo ndipo Mama Dancille alipolipata swali lake.

Dokta aliwaambia kwamba dunia ni kavumbi, inalizunguka jua bila kusimama, na jua lenyewe linakwenda. Jua letu ni nyota kama nyingine, si hata kubwa kuzipita, na nyota hakuna atakayezimaliza kuzihesabu.

"Muangalie maharage yakivimba ndani ya chungu," alisema. "Kila moja inaona zingine zinasogea mbali nayo. Haiko hata moja yenye inaweza kusema, mimi njo niko katikati. Mbingu iko vile. Haina katikati. Sasa munagombania mugomba?"

Emérita anasema alimwamini. Hilo analirudia mara mbili, kwa sababu watu wanadhani alibisha.

"Mungu hakunionyesha mupaka ya kazi yake," anasema, akigeuza kitambaa katika maji ya moto. "Kama aliumba nyota mingi kupita vile nilizania, mimi nitamupunguzia? Nilipiga magoti, nikamushukuru. Lakini kuwa kadogo na kuwa takataka si kitu kimoja. Hawa batoto ninaoshaka, kuko mukubwa mule ndani?"

Asubuhi hii maneno hayo yanatakiwa kazini. Katika kitanda cha mwisho amelala Adelaïde, msichana aliyekuja kwa miguu kutoka Itebero, mimba ikiwa kubwa, kijiji chao kikiwa kimechomwa moto vitani na mumewe hajulikani alipo. Kitovu cha binti yake kimeanguka alfajiri. Adelaïde anacho katika kiganja, amekikodolea macho.

"Mama, mimi nitaizika wapi? Kwetu ni majivu."

Emérita alikwisha kulifikiria hilo. Kati ya ua wa materinite na njia, nyuma ya choo, kuna ukanda wa ardhi ya misheni ambao padri alimruhusu aulime. Hakupanda maharage. Amechimba mashimo, na miche ya migomba imeegemezwa ukutani. Aliyeileta ni Mama Dancille, yule wa swali. Emérita anataka pale pawe kwao kwa kila mtoto ambaye wazazi wake wamefukuzwa na vita wakakosa ua. Akifa yeye, anasema, migomba haitakufa, itaendelea kuchipua.

Anakunja jani, anafunga mafundo mawili. Dokta anaingia wakati huohuo na kukiona kifurushi.

"Mama, tulisemezana juu ya hii."

"Weye njo ulisema, Dokta. Mimi nilisikiliza."

"Batakuja tena na panga."

"Hawa hawana hata ua. Bagombanie nini?"

Dokta anavuta pumzi. Hapendi kugombana naye. Emérita ndiye aliyemfundisha kumpokea mtoto anayetanguliza miguu. "Kuko bazungu benye elimu kubwa," anasema taratibu, "banaandika kama muntu ametupwa tu huku duniani. Hakuna fasi ilitengenezwa kwa ajili yake. Inauma, lakini tunapaswa kuizoea."

"Kutupwa?" Emérita ananyanyua mikono yake, ngozi imekunjamana kwa maji ya moto. "Hao bazungu, mama zao balibazalia kwa barabara? Mutoto hatupwi, Dokta. Anapokelewa. Sijaona hata mumoja mwenye alifika hapa bila mukono ya muntu. Na kama katikati ya mbingu haiko fasi yoyote, nani atanikataza niiweke hapa, nyuma ya choo yako?"

Adelaïde anacheka, kisha anauma mdomo. Dokta naye anakaribia kucheka.

"Kitovu yako ilizikwa wapi, kaka?" Emérita anamwuliza, kwa sauti ya chini.

"Sijui." Anatazama dirishani. "Mama alikufa akinizaa. Nililelewa na masista."

"Pole. Miche iko mingi. Mumoja nitakupandia."

Kijana anakaza uso. Anaposema tena, anasema kama msimamizi wa nyumba.

"Mama Emérita, amri ni amri. Ukipita ule mulango na hiyo kifurushi, kesho usirudie hapa."

Emérita anafungua kamba za aproni yake nyeupe, anaikunja mara mbili kama anavyokunja nepi, anaiweka juu ya meza ya dawa. Anatia kifurushi kifuani, anachukua jembe lililokuwa nyuma ya mlango, na kutoka kuelekea kwenye mashimo ya migomba.