Ng'ombe wa Kalekye Vitani Siam

Nilisikia Kithai kabla sijaiona nyumba. Nilikuwa nimeshuka kituo cha Satellite, mtaani Riruta, na begi langu, matope yamenifika vifundoni, nikitafuta geti la kijani nililoelekezwa na rafiki kwa simu. Mageti yote ya barabara ile yalikuwa ya kijani. Nimepotea katika miji mingi na huwa sichukii kupotea, ila mvua ilikuwa inaanza tena na nilikwisha kugonga mageti ya watu wengine. Ndipo kutoka dirisha moja la juu nikasikia mwanamume akiapa, kwa Kithai cha kizamani cha watu wa ikulu, kwamba atarudi mvua za kwanza zitakaponyesha.

Mimi ni Mtanzania, ila niliwahi kukaa Chiang Mai kwa Wathai, nikala chakula chao na kujifunza lugha yao sokoni. Sikutegemea kuisikia Riruta. Sauti ya mwanamke ikaifuata, kwa Kiswahili:

"Anamwambia, nitarudi mvua ikianza. Usiuze ng'ombe."

Yule mwanamume hakuwa amesema lolote kuhusu ng'ombe. Nilisimama chini ya dirisha nikangoja nione kama atawataja. Hakuwataja. Nikagonga geti la nyumba hiyo kwa sababu hiyo tu, na kumbe ndilo lililokuwa langu.

Mwenye nyumba alikuwa mama mzee aitwaye Hannah, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na jengo zima lilimwita Mwalimu. Mahali alipokuja kuolewa akakuta mahindi, sasa pamemea ghorofa, naye anaishi ya kwanza juu, karibu na ngazi. Presha ya macho imemnyang'anya karibu kila kitu; anaona dirisha kama weupe na mtu kama giza. Alinyoosha mkono kunisalimu, akakosea kidogo, nikausogelea.

"Wewe ndiye mgeni wa chumba cha nyuma? Kaa hapo. Usiongee mpaka iishe."

Aliyekuwa akisimulia alikuwa Kalekye, mpangaji wake wa miaka mingi, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni kana kwamba amesahau kuivua. Kalekye hushona mapazia katika kibanda chake karibu na Adams Arcade. Kila jioni ya juma huhakikisha amefika kabla ya saa moja, maana saa moja huanza tamthilia ya Wathai kwenye televisheni: Siam ya kale inapigana na Waburma, jemadari anampenda binti aitwaye Malai, na vita haviishi. Stesheni inaionyesha kwa Kithai, na maandishi ya Kiingereza chini. Wao wawili hawakuitaja kwa jina lake. Waliiita Vita.

"Angalia vile ameshika upanga," Kalekye alikuwa akisema. "Huyu jemadari ni Mkamba kabisa."

"Na yule anahesabu magunia ya mchele nyuma ya jeshi?"

"Huyo ni Mkikuyu wa kwenu, Mwalimu. Hata vita ikiisha yeye atabaki na magunia."

Mwalimu alicheka mpaka akashika ubavu.

Ilipokwisha nikajitia kimbelembele, nikasema kwamba nakijua Kithai. Kalekye akanitazama kwa jicho la mtu aliyeshikwa na kitu mfukoni. Akanifuata hadi koridoni.

"Umesikia kuhusu ng'ombe?"

"Nimesikia."

"Hiyo maandishi inapita haraka, na ingine ni kavu. Mtu anaenda kufa vitani anasema tu 'nitarudi'? Si aseme kitu ya nyumbani! Usinichomee kwa Mwalimu."

Sikumchomea. Nilianza kwenda kila jioni, mwanzoni kwa ajili ya lugha, kisha kwa ajili ya wale ng'ombe. Walikuwa wameongezeka. Mmoja aliumwa wakati wa kuzingirwa kwa mji.

Kidogo kidogo nikapata habari za Kalekye. Alitoka Mbooni, kwa Wakamba, akiwa msichana, akaja kufanya kazi ya nyumba kwa familia moja pale Woodley. Familia ilipohama nchi ilimwachia cherehani na hakuna kingine. Akaja Satellite kutafuta chumba, akampata Mwalimu Hannah, aliyemuuliza kama anajua kusoma. Alijua herufi, si zaidi. Basi kila jioni, baada ya kusahihisha madaftari ya watoto, Mwalimu alimketisha kwenye meza ile ile ya jikoni na gazeti la Kiingereza, kidole chini ya neno.

"Alikuwa ananifinya sikio," Kalekye aliniambia, akishika sikio lenyewe. "Mtu mzima, nalipa nyumba, nafinywa sikio. Sasa macho yake imekataa. Hizi zangu si ni zake? Nikisoma ni yeye anasoma."

Aliyasema hayo bila huzuni yoyote, akikata uzi kwa meno. Nimekutana na watu wengi wanaoshukuru kwa maneno. Huyu alikuwa anashukuru kila siku saa moja jioni.

Lakini kulikuwa na Nzioka.

Nzioka alikuwa karani wa serikali, amestaafu, mjane wa miaka mingi, amejenga nyumba Makueni. Alifika kibandani kuagiza mapazia. Akarudi na vipimo tofauti. Akarudi tena, na mara hii dirisha la sebule lilikuwa limekuwa refu kuliko ukuta. Hapo Kalekye akatambua kwamba si madirisha yaliyomleta. Mambo yakaenda vizuri. Mbuzi wa ntheo walipelekwa kwa kaka yake Mulwa huko Mbooni, na kwa Wakamba mbuzi hao wakishapokelewa mwanamke ni mke, limebaki la kwenda tu. Kibanda atamwachia mpwa wake Kasiva. Kalekye alitaka kwenda, hilo niliona wazi, kwa jinsi alivyokuwa akitaja mapazia ya Makueni hata tulipokuwa tunazungumza habari za nyanya. Ila kila Nzioka alipouliza siku, alijibiwa: "Vita ikiisha."

Jioni moja tamthilia ilionyesha msafara wa posa. Watu wa jemadari walikuja na sinia za maua na vyakula, wakakuta ndugu za Malai wamefunga njia kwa mkufu.

"Wamemfungia!" Kalekye alipaza sauti. "Mwalimu, wamefunga geti! Haingii mpaka atoe kitu."

"Hiyo ni yetu," Mwalimu akasema. "Wamama wanafunga mlango, wageni wanaimba mpaka wafunguliwe. Nani aliwapelekea hao Wathai?"

"Hata kwetu wanafunga."

"Nyinyi mliiga kwetu."

Wakabishana mpaka matangazo yakaisha, na kesho yake wakaendelea.

Nzioka alikuja wiki iliyofuata, katikati ya mapigano. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, maji yanadondoka.

"Bado Vita?"

"Ssh!" Mwalimu na Kalekye walisema pamoja.

Alisubiri matangazo, kisha akamwita Kalekye nje. Waliongea Kikamba, na mlango haukufungwa vizuri. Mimi Kikamba sikijui. Lakini Kikamba na Kikikuyu ni lugha za nyumba moja, na masikio ya Mwalimu ni mazima. Akaniinamia, na yeye aliyesimuliwa siku zote akaanza kunisimulia mimi.

"Anasema mbuzi imekaa Mbooni mpaka imezaa." Akachekea kooni. "Anasema watu wanamuuliza kama alioa picha. Kalekye anasema pole. Nzioka anamuuliza, shida ni nyumba? Anasema hapana. Shida ni mimi? Hapana, woi, si wewe."

Nje Kalekye alikuwa anasema kitu kwa sauti ndogo.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema, nani atamsomea Mwalimu."

Kalekye aliporudi na kukaa, jeshi lilikuwa linavuka mto. Akafungua kinywa, na Mwalimu akasema:

"Zima."

"Bado haijaisha, Mwalimu."

"Zima hiyo kitu. Nimechoka nayo. Kila siku upanga, upanga, kulia. Na kama lazima nisomewe, huyu Mtanzania anajua hata lugha yenyewe. Wewe huwa unaniongezea maneno."

Kalekye alinitazama. Nikatikisa kichwa kwamba si mimi niliyesema. Akasimama, akaikunja tepu polepole, akasema "Sawa, Mwalimu," akashuka. Usiku ule ule, Mwalimu akanituma nimwambie Nzioka aje Ijumaa na gari, akaniapisha nisimwambie Kalekye tulichosikia mlangoni.

Jioni iliyofuata nilisoma mimi. Nilijitahidi, kila neno la Kithai nililiweka mahali pake.

"Unasoma kama taarifa ya habari," Mwalimu akasema. "Na hiyo Kiswahili yako imepigwa pasi."

"Basi nimwite Kalekye."

"Nyamaza, soma." Baada ya kitambo: "Jemadari hajauliza kitu kuhusu nyumbani?"

"Hajauliza."

"Mh," akasema.

Kalekye hakupanda juu. Nilimwona akifunga vyombo kwenye katoni, na alipofika kwenye cherehani akaketi juu ya kiti chake bila kufanya kitu. "Miaka yote hiyo," aliniambia, "kumbe namchosha." Nilikuwa nimeapishwa nisiseme.

Ijumaa mchana Nzioka alifika na pikapu ya kukodi, na rafiki yake Muindi kwenye usukani, akahimiza waondoke kabla jam ya magari pale Mlolongo haijakaza. Akakuta geti limefungwa kwa leso. Ilikuwa imepigwa fundo upande huu na upande ule, na nyuma ya geti, kwenye kiti cha plastiki, alikuwa ameketi Mwalimu Hannah na kitambaa chake cha kwenda kanisani kichwani.

"Hodi, Mwalimu. Ni Nzioka."

"Nzioka nani?"

"Si unanijua!"

"Msichana wetu hana mama hapa mjini. Mlango wake nafunga mimi."

Nzioka akatoa noti mfukoni mwa shati, zikachakacha.

"Rudisha hiyo. Kwetu watu wanaimba."

Muindi alizima injini ili asikose chochote. Nzioka, karani mstaafu, mzee wa kanisa, alitazama barabara huku na huku. Wapangaji walikuwa wameshajaa madirishani. Akaanza wimbo wa kanisani, kwa Kikamba, chini mno. Akashindwa kufika, akaanza upya juu mno.

"Ongeza!" mtu akapiga kelele kutoka juu.

Kalekye alitoka mbio na mfuniko wa sufuria mkononi, akidhani kuna aliyeumia. Akaiona leso. Akamwona Mwalimu, mgongo wima, akiulinda mlango ambao hakuweza kuuona. Alisimama kwenye ngazi akielewa.

"Mwalimu," akasema, "wewe ni muongo."

"Nilifundishwa na wewe. Siam kuna ng'ombe ngapi?"

Kalekye akaketi pale pale kwenye ngazi, akacheka na kulia pamoja. "Ulijua?"

"Mtoto, mimi nilisahihisha insha miaka thelathini. Najua mwanafunzi akitoka kwa kitabu." Akamnyooshea mkono, na mara hii haukukosea. "Hizo ng'ombe ndizo nilikuwa nangojea kila siku. Asante. Sasa fungua, huyu mwanamume atapasuka koo."

Fundo alilifungua Kalekye mwenyewe. Alimfunga Mwalimu ile leso mabegani, akaisawazisha mara kadhaa kama mtu apimaye pazia, akamshika masikio yote mawili taratibu, bila kufinya. Cherehani lilipakiwa mwisho, limelazwa juu ya godoro. Alipoketi mbele, kati ya Muindi na mume wake, akateremsha kioo akaniita.

"Na wewe usisome maandishi peke yake. Unasikia?"

"Nimesikia, Dada Kalekye."

Pikapu ikapinda kona. Mwalimu alibaki ameelekeza uso kule sauti ilikokwenda mpaka ikachanganyika na sauti nyingine za barabara. Begi langu lilikuwa tayari tangu Jumatano. Nilikuwa na safari ya Kisumu; nikaiacha ingoje. Nilimpa Mwalimu mkono aushike, tukapanda juu kwake.

"Jemadari alikuwa amefika wapi?" akauliza kwenye ngazi.

"Amevuka mto. Amepata mjumbe kutoka nyumbani."

"Mjumbe anasema nini?"

"Malai hajambo," nikasema. "Na ng'ombe wamezaa."