Kijiko cha Mwenyekiti

Hili niliapa kulifunga kifuani, nawe msomaji uape usilitoe nje. Umeapa? Basi sikiliza, mie limenishinda.

Kikundi chetu cha Simbo tulikwenda duka la zana, Mwanga, kulichagulia trekta letu dogo kifaa cha kufunga mbele. Sisi wanawake tulitaka yale meno mawili ya kunyanyulia mizigo, yazipumzishe shingo zetu na mikungu ya michikichi. Mwenyekiti yeye alikipapasa kijiko kipana cha kuchotea kama anapapasa ng'ombe wa mahari.

"Mama zangu, meno yatachota samadi? Mambo ya mashine niachieni mie."

Tukamwachia. Mwizi wa kuku hupigwa mawe, mwizi wa shingo za wanawake huitwa Mwenyekiti.

Juzi tunatoka shambani, mikungu kichwani, tukamkuta mtoni juu ya trekta letu, anapakia mchanga kwenye lori la mteja wake, watu wanatazama. Kutuona, akashusha kofia hadi puani. Kijiko kikabaki hewani, kinachuruzika maji.

"Nilikuwa nakijaribu tu, mama zangu."

Mkubwa wetu kwa umri akautua mkungu wake mbele ya magurudumu.

"Shuka, mwanangu. Injini usiizime."